Kuhama kwa Jukwaa la Watu wa Mashine

Kuna watu wanaodhani kuchagua programu ya kuendeshea jukwaa la mtandaoni ni kubofya mara mbili ukaenda kula. Hao wasikilizwe kwa adabu, kisha wapuuzwe. Mwanamke tunayemzungumzia hapa alichagua kwa miezi, akakonda kwa kazi hiyo ilhali hakuwa na mwili wa kupunguza, na mwishowe alichagua vizuri. Hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye walijitokeza wajuaji wa kumnyooshea kidole. Programu aliyoichagua ilikuwa nzuri na mpaka leo ni nzuri. Kilichomponza ni kitu kingine.

Wote walimwita Dada Mkubwa, hata wazee waliokuwa wanaanza kusoma yeye akiwa bado hajazaliwa. Alikuwa na chumba cha fotokopi ng'ambo ya lango la hospitali, chumba chembamba chenye mashine mbili, moja ikitoa nakala na nyingine ikitafuna karatasi. Watu waliingia na vyeti, barua za daktari, vitambulisho vya marehemu. Alipiga chapa bila kutazama vidole na bila kutazama uso wa mteja, maana nyuso za watu wanaotoka lango lile hazitazamiki siku nzima. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta ya pili ambayo mteja hakuruhusiwa kuigusa. Hiyo ilikuwa ya jukwaa.

Jukwaa lilianzishwa na mdogo wake. Alikuwa fundi umeme, kijana wa mdomo, mtu wa kupanda juu ya nguzo huku akitaniana na walio chini. Figo zikamgoma. Akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na kwa kuwa mtu wa mashine hulala saa nyingi mkono mmoja ukiwa umefungwa, aliona afadhali mkono wa pili ufanye kazi. Akamwomba dada yake amtafutie programu ya bure, wakafungua jukwaa la wagonjwa wa figo na wanaowauguza. Yeye mwenyewe akajiandikisha kwa jina la Tanki Bovu.

Aliandika kila kitu Tanki Bovu. Jinsi ya kudanganya kiu ukiwa umekatazwa maji. Jinsi ya kulalia ubavu usiokuwa na mkono wa sindano. Jinsi ya kumjibu mkwe anayekuuliza unapona lini. Watu walicheka wakiwa wamelala kwenye mashine mpaka manesi wakawa wanakuja kuangalia kulikoni. Na katikati ya hayo, humo humo, alikuwa akimwandikia binti yake, ambaye wakati ule alikuwa anatambaa.

"Kwa nini usimwandikie kwenye daftari?" dada yake alimuuliza siku moja.

"Daftari mama yake atalilia mpaka wino utoke," akasema. "Mle ndani hamlowi. Akishakuwa mtu mzima, wewe mfungulie asome. Sitaki aje kuniulizia kwa watu, kila mtu ampe baba wa kwake."

"Nitamfungulia."

"Sema haki."

"Haki, nitamfungulia."

Hakumaliza mwaka baada ya hapo.

Dada Mkubwa aliliendesha jukwaa peke yake, likakua. Alijibu, alipatanisha, aliwatimua wauza dawa za miujiza. Lakini maandishi ya mdogo wake hakuyasoma. Alijaribu mara moja, akaishia kwenye mstari wa kwanza, akafunga kompyuta na kukaa chini ya meza ya fotokopi kama mtoto anayejificha. Tangu hapo aliyapita tu. Alijua yapo, na kujua kwamba yapo kulimtosha.

Sasa, jukwaa la watu wa mashine lina jambo lake ambalo majukwaa ya mpira na ya mapishi hayana. Wanachama wake hufa. Hufa mfululizo, na wanaokufa mara nyingi ni wale waliokaa muda mrefu na kujua mengi. Wenyewe hawakusema mtu amekufa. Waliandika, "Amepumzika mashine," na akaunti yake ikaachwa kama ilivyo, asiiguse mtu.

Tatizo ni kwamba programu ile ya zamani ilikuwa na adabu ya kipumbavu. Mtu akikaa kimya muda fulani, ilimtumia barua pepe yenyewe, "Tumekukosa! Wenzako wanakusubiri." Barua ya namna hiyo ikamfikia mjane mmoja kwenye simu ya mumewe, wiki ile ile ya mazishi. Mjane hakutukana. Aliandika mstari mmoja tu jukwaani, "Mnamwita nani arudi?"

Dada Mkubwa aliona aibu iliyomkaa mwilini siku nyingi. Akaweka utaratibu, na utaratibu huo haukuwahi kuvunjwa. Siku mwanachama akipumzika, yeye Dada Mkubwa huingia kwenye akaunti yake na kuifuta anwani ya barua pepe, nafasi ile ikabaki tupu, ili asisumbuliwe tena yeye wala waliorithi simu yake. Alianza na ya mdogo wake. Kwake yeye ilikuwa sawa na kumfumba macho maiti. Alifanya hivyo kwa kila mmoja, kwa mkono wake, akiwa ameshusha pazia.

Miaka ikaenda. Programu ile ikazeeka, walioitengeneza wakaitelekeza, na jukwaa likaanza kuvamiwa na matangazo ya kamari. Unafungua asubuhi kusoma habari za mgonjwa aliyelazwa, unakuta akaunti mia mpya za watu wasiokuwepo zikikuahidi utajiri. Zilipenya kwa tundu lililokuwa kwenye programu, bila anwani, bila jina la maana. Ukizifuta leo, kesho zipo. Kisha fundi wa seva, yaani yule bwana aliyewapangisha mahali jukwaa lilipokaa, akampigia simu kwa upole. Mashine zake za zamani anazizima. Wahame.

Msaidizi wa Dada Mkubwa katika mambo haya alikuwa mstaafu mmoja waliyemwita Mhasibu, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa kabla figo hazijamtia ndani. Alikuja chumbani moja kwa moja kutoka kwenye mashine, plasta ikiwa bado mkononi, akakalia kiti cha wateja na kuanza ubishi. Alikuwa mtu wa kubishana kwa raha, hana kinyongo.

"Wanachama wengi wanataka kikundi cha simu," alisema.

"Kikundi cha simu ni sokoni, Mhasibu. Ukipitwa umepitwa. Mtu ameambiwa leo kwamba figo zimekufa, utampandisha juu kwenye salamu za asubuhi mia tatu atafute neno la maana?"

"Basi twende kwenye ile tovuti kubwa. Ni bure."

"Wakitupa bure, wao wanakula nini?"

Mhasibu akafikiri. "Wanatula sisi."

"Umejijibu."

Ikabaki ile ya tatu, programu huria ambayo watu wengi duniani waliitengeneza kwa pamoja na kuitunza. Unaiweka kwenye seva yako, na siku ukichoka unatoka na vitu vyako vyote. Dada Mkubwa aliichunguza kama mama anayemchunguza mchumba wa bintiye. Ikifa, tutaweza kubeba yetu? Inafunguka kwenye simu ya bei ya chini? Mtu akiandika neno "kuwashwa" kwenye kutafuta, itamletea waliyosema watu miaka kumi iliyopita? Aliijaribu kwa wiki nyingi, akaandika humo mada za uongo, akajijibu mwenyewe, akagombana na nafsi yake ili aone msimamizi anaamuaje ugomvi.

"Wewe unachagua makumbusho," Mhasibu alimtania. "Mimi nataka jukwaa likue. Watu wapya ndio uhai wake."

"Na wa zamani je?"

"Wa zamani hawabofyi, Dada Mkubwa."

"Hao wapya wanakuja kumfuata nani? Mimi na wewe? Wanakuja kwa yale yaliyoandikwa na waliopita. Jukwaa linalokua ni lile linalokumbuka. Lisilokumbuka linaanza upya kila Jumatatu."

Mhasibu akanyoosha mikono juu, ule wa plasta kwa taabu kidogo. "Haya. Umenishinda." Na kweli alikuwa ameshindwa, na wote wawili walifurahi, na kila alilosema Dada Mkubwa siku ile lilikuwa sahihi. Ndiyo maana linauma.

Fundi wa seva ndiye aliyefanya kazi ya kuhamisha, mchana wa siku ya kazi. Chumba cha fotokopi kilikuwa kimejaa. Mzee mmoja alitaka nakala za cheti cha kifo cha mkewe na karatasi ilikuwa imekwama, Dada Mkubwa ameingiza mkono wote ndani ya mashine mpaka kiwiko, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Dada, programu mpya inaniuliza swali," fundi alisema. "Kuna akaunti nyingi mno hazina barua pepe. Yenyewe inamtambua mtu kwa barua pepe. Hawa wasio nayo niwaundie za bandia, au niwaruke?"

Alichokiona Dada Mkubwa kichwani ni makundi ya kamari. Miaka ya kamari, asubuhi baada ya asubuhi.

"Waruke," akasema. "Hao ni matapeli. Usiniletee hata mmoja kwenye nyumba mpya."

"Na walivyoandika?"

"Navyo viruke."

Karatasi ikachomoka. Akampa mzee nakala zake, akamwambia pole.

Nyumba mpya ilipendeza. Wanachama waliingia mmoja mmoja wakishangaa, wakipigiana hodi, wakisifu herufi kubwa zinazosomeka bila miwani. Kamari ikakatika kama umeme. Watu wapya wakaanza kumiminika, na Mhasibu akawa anatembea kifua mbele wodini kama bwana harusi. Mtu mmoja aliandika kwamba mbona mada nyingine zinaanzia katikati, watu wanajibu kitu kisichoonekana. Mhasibu akamjibu kwamba ni mpangilio mpya, atazoea. Dada Mkubwa aliyaona majibu hayo akayapita. Mada zilizoanzia katikati zilikuwa zile za zamani kabisa, na huko zamani ndiko alikokuwa na mazoea ya kutotazama.

Kabla fundi hajazima seva ya zamani, alimuuliza afanye nini na vilivyobaki humo. Dada Mkubwa hakusita. Mle ndani watu walikuwa wameandika majibu ya damu yao, wake waliowakimbia, mambo ya chumbani ambayo dawa huyaharibu. Hakutaka diski ile ikapangishwe kwa mtu mwingine na siri za watu ndani yake.

"Futa," alimwambia. "Ukimaliza, futa tena juu yake."

Fundi alikuwa mtu mwaminifu. Akafuta, akafuta tena.

Binti wa Tanki Bovu alikuja mwezi uliofuata. Mama yake aliolewa tena zamani na kuhama, kwa hiyo shangazi na mpwa waliishi kwa simu za sikukuu na picha za sare za shule. Sasa alikuwa amemaliza shule, amerefuka, na alipoinama kupita chini ya shata la mlango Dada Mkubwa alishika meza, kwa sababu ndivyo marehemu alivyokuwa akiinama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekula?"

"Nimekula." Alikaa, akavuta kiti karibu. "Mama ameniambia umeniwekea kitu cha baba. Ameniambia nisikulazimishe, eti unaumia."

"Sijawekewa mimi, umewekewa wewe. Na leo utakisoma."

Akawatoa wateja wawili waliokuwa wamebaki, akashusha shata hadi nusu, akafungua pazia. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii. Alikuwa amejiambia kwamba watasoma pamoja, na mtoto akilia naye atalia, na hatimaye yeye pia atakuwa amemsoma mdogo wake. Alikuwa na furaha, tena furaha ya kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu kule kukaa chini ya meza.

Akaandika, Tanki Bovu. Programu ikatafuta kwa haraka ile aliyoisifia.

Hakuna mwanachama aliyepatikana.

"Nimekosea herufi," akasema, yeye ambaye hakosei herufi. Akaandika tena. Kisha akaandika jina la Bibi Barafu, aliyepumzika mwaka mmoja baada ya mdogo wake. Hakuna. Mwalimu Mkimya. Hakuna. Mume wa yule mjane. Hakuna. Alikuwa na orodha ndefu kichwani ya watu aliowafumba macho, na kila alipoandika mmoja, programu ilimjibu kwa adabu kwamba hamjui.

Hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Waruke." 

Akampigia fundi. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile nakala niliyotoa ndiyo hiyo iliyo huko sasa, dada. Waliorukwa hawamo."

"Na seva?"

"Seva nilifuta. Uliniambia nifute na nirudie."

"Nilikwambia, ndiyo."

"Kama ningejua..."

"Hukujua. Mimi nilijua, mimi ndiye niliyefuta anwani zao."

Akampigia Mhasibu, kwa sababu hakujua nani mwingine wa kumpigia. Mhasibu alikuwa kwenye mashine, sauti yake imekwisha. Dada Mkubwa alimweleza. Alitegemea atabisha, atatafuta njia, maana huyo si mtu wa kukubali. Mhasibu hakubisha.

"Wote?" akauliza.

"Wote waliokufa. Waliobaki ni wazima tu."

Mashine ilisikika ikilia taratibu upande wa pili. "Basi mimi nikipumzika," Mhasibu akasema, "anwani yangu msiiguse. Waache waniite nirudi." Akakata simu.

Dada Mkubwa alibaki ameshika simu. Alikuwa na aibu iliyompanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na msiba, mpya kabisa, kama vile mtoto wa mama yake amekufa tena mchana huu na yeye ndiye aliyemuua. Hakuthubutu kugeuka.

Alipogeuka, binti alikuwa ameshavuta kibodi kwake. Watoto wa siku hizi hawangoji kufunguliwa. Alikuwa ametafuta jina la baba yake si kwa wanachama bali ndani ya maneno ya wengine, na programu, ambayo nimesema ni nzuri, ilikuwa imemletea ukurasa baada ya ukurasa. Walikuwa walio hai wakimjibu mtu asiyekuwepo.

"Shangazi, yupo," binti alisema. "Wanamtaja."

"Wanamtaja, ndiyo. Yeye mwenyewe nimempoteza, mwanangu. Nimempoteza mimi. Si mashine, si fundi."

Binti alimsikia, ilionekana usoni kwamba amesikia, lakini macho hayakutoka kwenye kioo cha kompyuta. Akaanza kusoma kwa sauti. Asante Tanki Bovu, nimefanya hivyo na nimelala. Tanki Bovu wewe ni mkorofi, mkwe wangu akisoma nimekwisha. Pole kaka, jipe moyo, mtoto atakuelewa. Hapo binti alisogea karibu zaidi na kioo, akaendelea. Mahali pamoja mtu alikuwa amenakili sentensi ya Tanki Bovu kabla ya kuijibu, na hiyo ndiyo sentensi yake pekee iliyokuwa imebaki duniani. Binti aliisoma polepole, akairudia. "Barafu iwe ndogo tu, ukubwa wa kifungo cha shati, usiitafune."

Akasubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Akashuka tena chini kwenye ukurasa. "Hapa kuna watu wengi," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wanacheka wote. Huyu anasema amecheka mpaka sindano imetaka kuchomoka. Huyu anasema nesi amekuja mbio akidhani anakata roho. Huyu anasema, Tanki Bovu, hiyo ya mtoto wako na viatu vyako nitaisimulia mpaka naingia kaburini." Akamgeukia shangazi yake, macho yameng'aa. "Ni mimi huyo mtoto. Nilifanya nini na viatu? Alisema nini?"

Dada Mkubwa alifungua mdomo. Angeweza kutunga. Alikuwa amepiga chapa barua za watu maisha yake yote, asingeshindwa kutunga kisa cha mtoto anayetambaa na viatu vya baba yake, na binti angekibeba mpaka uzeeni. Neno la kwanza lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Sijui," akasema. "Miaka yote hiyo yalikuwepo, na sikuwahi kuyasoma."

Binti alimtazama. Hakukasirika, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. Kisha akakigeuza kioo kidogo upande wake mwenyewe na kuendelea kusoma majibu, safari hii kimoyomoyo.